Historia Chungu Darasani: Uteuzi wa Hadithi za Kihistoria kwa Vijana Wetu

Miongoni mwa kazi zinazomkabili mwalimu wa fasihi, iliyo nyepesi machoni pa watu na nzito mikononi mwake ni kazi ya kuchagua kitabu. Wengi hudhani kwamba kazi hiyo humalizwa na wakuza mitaala, ambao hutoa orodha ya vitabu teule, na mwalimu akabakiwa na wajibu wa kuvigawa na kuvieleza tu. Sivyo. Ndani ya orodha mwalimu huchagua. Na nje ya orodha ipo maktaba ya shule, hata kama ni kabati moja lenye vumbi, ambamo mwanafunzi hutia mkono na kutoa kitabu bila ya kumwuliza mtu. Katika makala haya nakusudia kujadili uteuzi wa aina moja ya vitabu, nayo ni riwaya na tamthiliya zinazosimulia historia yetu katika sehemu zake zilizo chungu: utumwa, vita, njaa, kudhalilishwa kwa wanawake, na mauaji. Swali langu ni hili: kitabu cha namna hiyo kipimwe kwa kipimo gani kabla hakijatiwa mikononi mwa kijana?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata Gairo.

Gairo ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, katika nchi ya Wakaguru; wilaya yake ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Msafiri apitaye kwa basi huona mashamba ya mahindi na maharage, na milima kwa mbali, akadhani kwamba hapa historia ilipita bila ya kupumzika. Ukweli ni kinyume chake. Katika karne ya 19 njia ya misafara itokayo Saadani ilipanda kupitia Mamboya, ikaenda Mpwapwa, na kutoka huko ikaelekea Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu na watu vilishuka kwa njia hizo. Nguo, shanga na bunduki zikapanda. Kwa hiyo mtoto wa Gairo asomapo habari za utumwa hasomi habari za nchi ya mbali. Anasoma habari za njia ambayo huenda mababu zake waliisikia ikipiga kelele usiku.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya sehemu hizo. Nilipata nakala chakavu ya Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, nikawa nikiwasomea vijana wa kidato cha pili kwa sauti kila Ijumaa. Nilikichagua kitabu hicho kwa sababu mbili tu: Kiswahili chake ni chepesi na safi, na nakala ilikuwapo. Siku ya tatu kijana mmoja alinyosha mkono, akauliza: "Mwalimu, Mwarabu alitoka pwani, huku hakupajua. Nani alimwonyesha nyumba?" Kabla sijapata la kujibu, mwenzake wa nyuma aliutaja ukoo wa msichana aliyeketi karibu na dirisha, akasema kwamba nyanya wa nyanya yake alinunuliwa kwa kaniki. Darasa likacheka. Msichana yule hakulia. Alifunga daftari lake, na kwa siku tatu hakuonekana shuleni.

Nilikwenda kwa mjomba wake kuomba radhi. Mzee yule alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia: "Mwalimu, si kosa kufukua kaburi. Lakini afukuaye huwaita wenye kaburi kwanza."

Maneno hayo yanahitaji maelezo kwa msomaji asiyeijua nchi ile. Wakaguru, kama majirani zao Waluguru na Wazigua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wajomba ndio wenye neno juu yake. Katika jamii za namna hiyo mwanamke aliyenunuliwa au aliyewekwa rehani wakati wa njaa alikuwa na thamani ya pekee. Yeye hakuwa na wajomba wa karibu wa kuwadai watoto wake. Kwa hiyo watoto hao walibaki katika ukoo wa aliyemnunua na kuukuza. Baada ya vizazi viwili au vitatu wazao wake wakawa watu wa ukoo sawa na wengine. Ila kumbukumbu ilibaki chini kwa chini, ikingoja ugomvi wa shamba au wa urithi ili itajwe. Ndiyo maana swali la kijana yule halikuwa la kitoto. Liligusa mahali ambapo historia na nyumba za watu zimeungana.

Sasa na tukitazame kitabu chenyewe. Uhuru wa Watumwa kilichapishwa London mwaka 1934, nacho kilisomwa kwa muda mrefu katika shule za Afrika Mashariki. Kinasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakapelekwa pwani, wakapakiwa jahazini, wakaokolewa na manowari za Waingereza, na mwisho wakapewa makao Freretown, karibu na Mombasa. Mwandishi alikuwa mtoto wa mtu aliyepatwa na mambo hayo. Shukrani iliyomo kitabuni, kwa hiyo, si ya kubuni. Ni shukrani ya mtoto ambaye baba yake alitolewa katika tumbo la jahazi. Mhakiki anayeikejeli shukrani hiyo hana huruma, na tena hana haki.

Lakini shukrani si historia. Kitabu kinagawa watu katika mafungu matatu: Mwarabu anayeteka, Mwafrika anayetekwa, na Mwingereza anayeokoa. Mwafrika aliyeuza, aliyeongoza njia, au aliyepata bunduki kwa kumtoa jirani yake, hapewi nafasi ya kutosha ili tumwone na kumhoji. Wala kitabu hakimwambii kijana kwamba mambo ya uhuru hayakwenda kwa mstari ulionyooka namna ile. Ni kweli kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza. Hata hivyo hali ya utumwa iliendelea kutambuliwa kisheria kisiwani humo mpaka mwaka 1897, miaka 7 baada ya Waingereza kuiweka Unguja chini ya himaya yao. Huku bara Wajerumani walitawala mpaka wakaondolewa na vita, wasiufute utumwa; waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Sheria iliyoufuta utumwa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922. Basi bibi wa Gairo aliyenunuliwa katika miaka ya 1880 aliweza kuishi chini ya bendera mbili za Ulaya akiwa bado ni mtumwa mbele ya sheria. Kijana asomaye Mbotela peke yake hawezi kulijua jambo hilo.

Je, kitabu hiki kifukuzwe darasani? La hasha. Baada ya tukio lile mimi mwenyewe nilikirudisha kabatini, nikawapa wanafunzi hadithi za wanyama mpaka mwisho wa muhula. Leo naona kwamba hilo lilikuwa kosa langu la pili, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilimwumiza mtoto mmoja kwa kutojua kwangu. La pili liliwafunza watoto arobaini kwamba swali jema hujibiwa kwa kufungwa kitabu. Kosa la Uhuru wa Watumwa halitokani na uchungu wake. Linatokana na kuwa kilisomwa peke yake, bila ya kingine cha kubishana nacho.

Mfano wa pili ni tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969 na kusomwa katika shule zetu kwa miaka mingi. Tukio lake ni Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Watu wa Morogoro hawana haja ya kuambiwa kwamba vita hivyo ni vyao pia: boma la Mahenge lilishambuliwa mwezi Agosti mwaka 1905, na moto ule ulifika mpaka sehemu za Kilosa. Mambo yaliyomo katika tamthiliya hii ni mazito kuliko ya Mbotela. Yumo mnyapara anayewadhalilisha wanawake wa watu mbele ya wazazi wao. Wamo watu wanaochapwa katika shamba la pamba. Yumo kiongozi aliyewaunganisha watu kwa imani ya maji, kisha akaanza kuiogopa imani hiyo. Mwisho kabisa upo uamuzi wake wa kutokana mbele ya Wajerumani, ingawa yeye mwenyewe anajua ni wangapi wamekufa kwa kuyaamini maji yale.

Kwa nini basi tamthiliya hii inafundishika vizuri zaidi? Kwa maoni yangu zipo sababu mbili. Kwanza, maumivu yaliyomo yana chanzo kinachoonekana. Pamba, kazi ya shuruti na kiboko vimewekwa wazi tangu mwanzo, kiasi kwamba kijana haoni damu kwa ajili ya kuona damu. Pili, mwandishi hakumficha msomaji tofauti iliyopo kati ya historia na usanii. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa mwezi Agosti mwaka 1905, ni mtu wa historia. Kinjeketile wa jukwaani ni mtu aliyeumbwa na mtunzi ili abebe swali: je, neno la kuwaunganisha watu laweza kuwa jema ikiwa si kweli? Hata tahajia ya jina inamsaidia mwalimu kulionyesha jambo hilo. Mwanafunzi akilishika, amepata ufunguo wa kusomea kila riwaya ya kihistoria atakayokutana nayo.

Hata hivyo tamthiliya haitoshi peke yake. Haikuonyesha njaa iliyofuata, na katika vita vile njaa ndiyo iliyoua zaidi, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula na mashamba. Wajerumani wenyewe walikisia vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba vilifika kati ya 250,000 na 300,000. Mwalimu hana budi kuzitia tarakimu hizo pale kitabu kinaponyamaza. Vinginevyo kijana atatoka darasani akidhani kwamba watu waliuawa na maji, kumbe waliuawa na risasi na njaa.

Mfano wa tatu ni Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1978. Riwaya hii yasimulia maisha ya bwana shamba wa Unguja na watumishi wake, kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na baada yake. Umbo ambalo wanafunzi hawalisahau ni lile la Kijakazi, mtumishi mkongwe aliyemlea bwana tangu utoto, akatukanwa na kupigwa, naye akaendelea kumtetea. Kila nilipoifundisha sura hiyo baadhi ya vijana walikasirika. Walimwona Kijakazi kuwa mjinga. Hapo ndipo somo linapoanza. Mtu aliyezaliwa ndani ya unyonge, asiyepata kuona mkate usiotoka mkononi mwa bwana, aweza kuupenda mkono huo hata unapompiga. Utumwa wa mwili hukomeshwa kwa sheria. Utumwa wa nafsi hauzisikii sheria. Riwaya inayomfikisha kijana katika ufahamu huo imetenda kazi ambayo kitabu cha historia, pamoja na tarehe zake zote, hakiiwezi.

Dosari ya riwaya hii yafaa itajwe pia. Bwana amechorwa mwovu kwa kila hali, na mapinduzi yanakuja kama jua baada ya mvua. Mwandishi alikuwa na haki ya kuandika hivyo, kwani alikuwa akiliandikia taifa lililokuwa likijitafutia mwelekeo. Lakini mwalimu wa leo akiisoma bila ya maelezo, katika darasa ambamo wamo watoto wenye asili mbalimbali, aweza kuwafunza kuichukia rangi ya mtu badala ya kuuchukia unyonyaji. Mapambano yaliyomo ni ya tabaka na tabaka. Yasigeuzwe kuwa ya damu na damu.

Sasa nirudi kwa kijana wa Gairo na swali lake: nani alimwonyesha nyumba? Jibu lililo karibu kuliko yote nililikuta katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise, ya mwaka 1994. Mwandishi huyo, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ilitolewa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi. Mhusika mkuu, Yusuf, ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Anachukuliwa kutoka kwao na tajiri ambaye yeye humwita ami, na baadaye anatambua kwamba baba yake mzazi amemtoa rehani kwa deni. Humo hamna mtekaji anayeruka kutoka kichakani. Mna baba mwenye hofu, mfanyabiashara mwenye adabu, na mtoto anayeambiwa apande gari la moshi. Anafuatana na msafara bara, anaona ukatili wa kila upande, na mwisho Wajerumani wanatokea na askari wao. Hakuna anayetoka katika hadithi hiyo akiwa na mikono mitupu, wala hakuna asiye na uso wa kibinadamu.

Rehani hiyo si jambo la kubuni katika sehemu zetu. Njaa kubwa ya miaka ya 1830 iliwafanya Wazigua wengi wajitoe wenyewe au watoto wao kwa wafanyabiashara wa pwani ili wapate chakula. Wengine walivushwa bahari mpaka Somalia, na wazao wao wamekihifadhi Kizigua huko mpaka nyakati zetu. Kijana akilijua hilo hatamcheka tena mwenzake ambaye bibi yake alinunuliwa. Atajiuliza ni nyumba gani isingefanya vivyo hivyo, mvua ikikataa mwaka wa pili.

Wapo watakaopinga mawazo haya. Wa kwanza watasema kwamba vijana ni wachanga, na kwamba mambo ya kunajisiwa na kunyongwa yatawaharibu. Nawajibu kwa mfano. Kwa miaka mingi vijana wa kidato cha tatu na cha nne wamesoma Takadini ya Ben Hanson, habari za mama anayekimbia usiku na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe kwa ajili ya mila. Hadithi hiyo haikuwaharibu. Iliwapa maneno ya kusemea jambo lililokuwa likitendeka katika nchi yetu wenyewe. Uzito haumwumizi kijana kama anavyoumizwa na kuachwa peke yake chini ya uzito.

Wa pili watasema kwamba hadithi hizi zitauvunja umoja wa taifa. Hoja hii ina uzito, kwani umoja wetu ulijengwa kwa jasho, na nchi za jirani zimetuonyesha gharama ya kuupoteza. Lakini tuutazame umoja uliokuwamo katika darasa langu kabla ya siku ile. Ulikuwa ni umoja wa kunyamaza, nao ulivunjwa na sentensi moja ya mtoto. Umoja wa kweli ni ule unaoweza kulisikia swali na bado ukabaki umoja.

Wa tatu watataka kitabu kichaguliwe kwa kuwa kina msimamo ulio sahihi, basi. Hao nawakumbusha kwamba Uhuru wa Watumwa nacho kilionekana na waliokisambaza kuwa na msimamo sahihi.

Kutokana na mifano hii napendekeza vipimo vinne. Kwanza, maumivu yaliyomo kitabuni yawe na chanzo kinachoelezeka. Kitabu kinachoonyesha mateso bila ya kuonyesha yametoka wapi kinamfunza kijana woga au tamaa ya damu. Pili, kila upande wa hadithi uwe na watu, wala usiwe na vinyago. Na kama upande mmoja umekosekana, kisomwe pamoja na kitabu kingine kinachoujaza. Tatu, mwalimu awe na tarehe na habari za kweli mkononi, ili mwanafunzi ajue mtunzi aliposhika historia na alipoiacha. Nne, mwalimu alijue darasa lake. Ajue koo, njaa na vita vya mahali pale. Na kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, awaendee wazee na kuwaambia nia yake. Kipimo hiki cha nne hakimo katika mtaala wowote. Nilifundishwa na mzee mmoja juu ya kigoda, nami nilikuwa nimechelewa.

Linabaki jambo moja, nalo linawahusu watunzi zaidi kuliko walimu. Vitabu vyote nilivyovitaja vinatoka pwani, visiwani au kusini. Nchi iliyo kati ya Uluguru na Ukaguru bado inangoja mtunzi wake. Chini ya milima ya Uluguru aliishi Kisabengo, Mzigua aliyewakusanya watumwa watoro, akajenga mji wenye ngome, na yeye mwenyewe akawa mtekaji wa watu. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji huo ukitawaliwa na binti yake. Mlinzi wa watoro aliyegeuka mwindaji wa watu: tamthiliya gani ingehitaji kubuniwa zaidi ya hapo? Na kule Mamboya, ambako misafara ilipita na wamisionari wakajenga, ni nani aliyeandika habari za wanawake wasio na wajomba?

Kazi hiyo haitafanywa na wageni. Itafanywa na vijana wanaokaa leo katika madarasa yetu, ikiwa tutawapa vitabu vinavyowafunza kuuliza. Msichana yule wa dirishani alirudi siku ya nne, akaketi mahali pake pa zamani. Hakuniuliza kitu, nami sikuwa na kitabu cha kumpa. Mwalimu atakayesimama mbele ya darasa lile kesho asiwe na udhuru huo.